Unga wa Plamsi

Kama kuna kitu Efrazia alikipenda kuliko chai ya tangawizi, ni kunoa picha. Kompyuta yake, aliyoifunika kitambaa cha kufuma kila alipomaliza kazi, ilikuwa na programu ya picha, na ndani ya programu hiyo kulikuwa na kijiti kidogo cha kusogeza. Ukikiacha kushoto, picha inabaki ilivyo. Ukikivuta kulia, picha inaanza kukaza: kope zinatengana, nyuzi za kanzu zinaonekana mmoja mmoja, kifungo cha shati kinajitokeza kama kinataka kusalimia. Mtu mwingine angekivuta kidogo akaridhika. Efrazia alikivuta mpaka kikagota, akahifadhi, kisha akanoa tena kwa usalama.

Tusimlaumu upesi. Pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ukungu huingia sebuleni bila kupiga hodi, na enzi zote za filamu watu walizoea picha zilizofifia. Filamu ilishuka Tanga kusafishwa, ikarudi wenye picha wameshasahau walivaa nini siku ile. Kisha soko huria likapandisha mlimani kila kitu: mitumba, redio, simu za mkononi, na hatimaye kamera isiyohitaji filamu. Efrazia alijifunza kazi Tanga kwa shangazi yake, na alipoolewa Magamba alikuja na kamera ya dijitali na kompyuta iliyotumika, wakati wenzake wanakuja na masufuria. Kwake, picha kali ilikuwa ndiyo maendeleo yenyewe.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake, Mama Tobia. Zamani kilikuwa stoo ya mbegu za viazi, na hata baada ya kupakwa chokaa kiliendelea kunuka viazi, hasa siku za mvua. Mama Tobia alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima matunda ya plamsi, na alikitoa chumba kile kwa moyo mweupe. Mbegu zake akazihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda.

Wateja walisifu. Kila aliyepokea picha yake alisema nzuri sana, mwanangu, Mungu akubariki, akaifunga kwenye gazeti akaenda zake. Mwinjilisti Zabroni, aliyekuja na tai kupigwa picha ya kumbukumbu ya utumishi wake, aliitazama yake kwa muda mrefu halafu akasema kweli kompyuta ina macho. Efrazia alilala na sifa hiyo wiki nzima.

Basi, msimu ule plamsi zilizaa kupita kiasi, na kuzaa kupita kiasi kulikuwa na taabu yake. Mnunuzi wa uhakika hakuwepo tena. Kila mtu alikuwa huru kutafuta wa kwake, na wa akina mama wa Magamba alikuwa dalali mmoja kutoka Soni. Dalali huyo alikuwa na mtindo wa kubonyeza plamsi kwa kidole gumba mpaka zinachubuka, kisha anasikitika kwamba zimechubuka, bei inabidi ishuke. Akina mama walimchukia kwa umoja, na kila msimu walimuuzia.

Safari hii Tobia, mume wa Efrazia, ambaye alikuwa akiendesha Fuso la mboga, alirudi kutoka Dar es Salaam na habari. Bwana Sharifu, mwenye duka kubwa la matunda kule, alitaka kikundi kimoja cha milimani kimletee plamsi msimu mzima. Hakuwa na nafasi ya kuzunguka kila kijiji, kwa hiyo alisema wanaotaka wamtumie picha kwa barua pepe, atachagua. Efrazia aliposikia neno picha alisimama kabla mumewe hajamaliza kunawa. Alikwenda kwenye kikao cha kikundi akawaambia wamwache dalali wa Soni asubiri, wamwachie yeye kazi hiyo.

Mama Tobia alimsikiliza mpaka mwisho. Masika yalikuwa yanakaribia, na mbegu zile chini ya kitanda zilikuwa zimeshaanza kutoa macho. "Picha ikituletea mnunuzi, chumba ni chako," alisema mbele ya wote. "Isipotuletea, mbegu zangu zirudi zilikokuwa zinalala." Hakusema kwa ukali wala kwa utani, na hilo ndilo lililomtia Efrazia joto la mgongo.

Sasa, plamsi iliyoivia mtini ina vazi lake. Juu ya ngozi yake ya zambarau hukaa unga mwembamba mweupe, na ukiigusa tu, alama ya kidole inabaki. Mkulima wa Magamba hatazami kingine: unga upo, basi tunda halijashikwashikwa. Kila mama kwenye kikundi kile alilijua hilo tangu utoto. Lakini waliposikia plamsi zinakwenda kupigwa picha, maarifa yote yaliwatoka, kwa sababu hakuna mtoto wa milima ile anayepelekwa kupigwa picha bila kupakwa mafuta. Uso, viwiko, magoti, mpaka ang'ae, asije akasemwa hana mama.

Kwa hiyo asubuhi ya picha Bi Mwanaisha, mkubwa wao kwa umri, aliwakalisha akina mama kuzunguka tenga. Wakazifuta plamsi unga kwa ncha za khanga, moja baada ya moja, wakazipaka mafuta ya nazi. Walipoingia studio na tenga lao, chumba kilinuka viazi na nazi kwa pamoja. Efrazia aliangua kicheko. Kumwambia Bi Mwanaisha kwamba amekosea lilikuwa jambo lisilowezekana kwa mke wa mtu, tena mgeni wa pale, na isitoshe zile plamsi zilimeremeta kweli. Akaona labda ni bahati.

Ukungu ulikuwa mzito mlangoni, chumba giza. Alipanda juu ya stuli, akashika kamera kwa mikono mitupu, akawasha flashi akapiga. Kwenye kompyuta picha ilionekana imetikisika kidogo na kufifia, lakini yeye hilo halikumtisha. Alikivuta kijiti kikagota. Akarudia. Akarudia tena, akahifadhi juu ya ile ya mwanzo, maana nani angeitaka tena ile?

Akina mama walisogea wote kwenye kioo cha kompyuta. "Vedi," alisema Bi Mwanaisha, ambaye furaha ilipomzidi alisifu kwa Kishambaa chake. "Vedi kabisa. Zinaonekana mpaka zinatutazama." Siku hiyo hiyo Efrazia aliteremka Lushoto mjini, kwenye duka la intaneti, akaituma picha na kujinunulia soda.

Simu ya Bwana Sharifu ilimkuta chini ya mti mkubwa wa plamsi nyuma ya nyumba, ambako ndiko mtandao ulikokuwa unashika, ukisimama upande upande. Mama Tobia alikuwa anapalilia hatua chache pembeni.

"Mama, nisamehe nikuulize," alisema Bwana Sharifu baada ya salamu. "Hizi plamsi mmezipulizia dawa gani?"

Efrazia alisema hawajapulizia dawa yoyote.

"Kwa sababu naona vidoa vyeupe, na kila kidoa kina duara jeusi. Ngozi imetoka vipele. Hata ukuta wa nyuma una vipele. Wateja wangu siwezi kuwapa tunda lenye ugonjwa."

Alieleza kwa upole kwamba kuna kikundi kingine amekielekea, na wiki ijayo atapanda mlimani kumalizana nao. Efrazia alimwomba ruhusa ya kutuma picha moja nyingine. Bwana Sharifu akajibu atume tu, ataangalia, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshika komeo la mlango.

Mama Tobia alikuwa amesikia. Alimaliza tuta lake, akaingia ndani, na jioni Efrazia alimkuta amesimama mlangoni mwa studio na ufagio mkononi, akiupima ukuta kwa macho. Efrazia aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Alikwenda jikoni akalia, akisingizia moshi, na moto wenyewe ulikuwa bado haujawashwa.

Tobia alijaribu kumchangamsha. Alisema kama plamsi nzima zinapata ugonjwa kwa kupigwa picha, yeye asipigwe tena, ana watu wanaomtegemea. Efrazia alimtupia kitambaa cha vyombo. Lakini neno lile lilimkaa. Alijiuliza: kama matunda yalitoka vipele, watu je?

Kesho yake akaenda kusalimia kwa Mwinjilisti Zabroni. Alipokaribishwa kiti alizungusha macho sebuleni. Picha za zamani zilikuwepo zote ukutani, zile zile zilizofifia: harusi, ubatizo, mjomba mmoja na baiskeli. Yake haikuwepo. Alipoiulizia kwa heshima, mzee alikohoa, akasema iko chumbani, nyuma ya mlango. Efrazia akaomba aione. Ilipoletwa, aliitazama kwa mara ya kwanza bila kuipenda. Mzee wa watu alikuwa na mstari mweupe kuzunguka kichwa kizima, kama aliyekatwa kwa mkasi akabandikwa. Mashavu yalikuwa ya mchanga. Kila mkunjo wa uso wake mpole ulikuwa umechimbwa kama mfereji wa maji.

"Wajukuu walikuwa wanaiogopa," alikiri Zabroni.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Ulikuwa umefurahi vile."

Aliendelea kuzunguka nyumba alizozijua. Picha moja aliikuta kabatini chini ya vitambaa vya meza, nyingine ilikuwa imezibia kioo cha dirisha kilichovunjika, uso ukitazama nje, kuwatisha nyani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Watu wa kule hawamvunji moyo mtu aliyewafanyia kazi kwa mapenzi. Husema ahsante, kisha hutafuta pa kuificha. Efrazia alirudi nyumbani anacheka na kuumia kwa wakati mmoja. Picha ya Mama Tobia, ya kwanza kabisa kupigwa studio ile, nayo hakuwahi kuiona ukutani. Siku zote alijiambia ni kwa sababu ukuta wa sebule ya mama mkwe una unyevu. Sasa hakuthubutu kuuliza.

Picha ya plamsi isingeweza kuokolewa. Ya mwanzo ilikuwa imeshafutika, na hata ingekuwepo, kompyuta haiwezi kukaza kitu ambacho kamera haikukiona. Ilibidi kuanza upya, na kuanza upya kulitaka kwanza jambo gumu kuliko yote, nalo lilikuwa kuongea na Bi Mwanaisha.

Asubuhi ya picha ya pili alimkuta studio kando ya tenga, chupa ya mafuta imeshafunguliwa. Efrazia alipiga goti, akaamkia shikamoo, akaomba leo plamsi zisipakwe wala zisifutwe.

"Ziende zimepauka?" Bi Mwanaisha alishika kiuno. "Mbele ya mtu wa Dar es Salaam?"

"Ziende zilivyo, bibi. Mimi nilikosea siku ile, nilikuona nikanyamaza. Nilipaswa kusema."

Bi Mwanaisha akafunga chupa yake taratibu. Alisema basi, lakini yeye hatakuwepo kuona watoto wa watu wakiaibishwa, na akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Hakutoka chumbani, lakini.

Efrazia alichuma nyingine mwenyewe, akikata kikonyo kwa mkasi, umande ukiwa bado juu. Alizipanga kwenye jani la mgomba karibu na mlango, kwenye mwanga laini wa asubuhi, na flashi akaizima. Kamera aliikalisha juu ya kifuko cha maharage kwenye stuli, ikatulia tuli. Alipiga nyingi, kila mara akibana pumzi, kisha akachagua ile ambayo kamera yenyewe ilikuwa imeona vizuri. Tunda moja lilikuwa na alama ya kidole chake kwenye unga, alipolishika kulisogeza, akaliacha hivyo hivyo.

Ndipo akaketi kwenye kompyuta. Kwanza alitengeneza nakala, ile ya asili akaiweka kando ambako hata hasira isingeifikia. Akaipunguza picha ifike ukubwa wa kutumwa, kwa sababu alikwishagundua kwamba ukinoa kabla ya kupunguza, unanoa usichokijua. Kisha akaifungua kwa ukubwa wake kamili, akachukua plamsi moja kutoka kwenye jani akaiweka pembeni ya kompyuta, akakisogeza kijiti kidogo sana. Kikonyo kikakaza. Tone la umande likapata ukingo. Akasogeza kidogo tena, na ukungu wa nyuma ukaanza kutoa chenga, zile punje punje za televisheni isiyoshika, akarudi nyuma upesi. Akaifuta kazi ya kunoa kwenye ukungu wote, ubaki laini kama Mungu alivyouleta, akaiacha kwenye kingo za matunda tu.

Mkono ulimwasha. Alijua kabisa kwamba akivuta kidogo tu zaidi, picha itapiga kelele, na kelele hiyo alikuwa ameipenda kwa muda mrefu. Akaukalia mkono. Alitazama plamsi ya kwenye kioo, akatazama ya mezani, akarudi kwenye kioo, mpaka akaona hazina ugomvi. Hapo akaacha.

Akina mama waliitwa kuona. "Zimepauka," alisema Bi Mwanaisha kwa huzuni, akiwa amegeuka kidogo tu.

Mama Tobia aliinama karibu na kioo. Alikaa hivyo kwa muda, mikono mgongoni. "Zimepauka vizuri," alisema, akatoka kwenda shambani.

Bwana Sharifu hakupiga simu. Efrazia alishinda siku kadhaa chini ya mti, amesimama upande upande, shingo ikamkakamaa. Alishaanza kukunja mapazia ya studio, yale yenye mandhari ya maua, pale Fuso geni lilipopanda barabara ya Magamba na kusimama mlangoni. Aliyeshuka alikuwa Bwana Sharifu mwenyewe, mwanaume mnene mwenye kofia ya viua, ameshika karatasi. Picha ilikuwa imechapishwa pale, ikakunjwa mara nne.

Hakutaka chai kwanza. Aliomba aonyeshwe matunda. Aliingiza mkono kwenye tenga kwa uangalifu, kwa vidole viwili, akainua plamsi kwa kikonyo na kuiweka kando ya karatasi. Akaigeuza. Akaitazama tena picha, na akina mama wote wakatazama anachokitazama. Kisha akagusa unga kwa ncha ya kidole, akaona alama iliyobaki, akacheka peke yake.

"Hii ndiyo niliyoiona," alisema.

Aliwaeleza baadaye, chai ikiwa imeshakubalika, kwamba tangu atangaze alikuwa ametumiwa matunda ya kila namna, yanawaka kama taa za sherehe, na alipoyafuata alikuta kitu kingine. Wale aliowaelekea nao walikuwa hivyo hivyo. Lakini plamsi yenye alama ya kidole cha mtu juu yake, alisema, hiyo alitamani kuila pale pale alipokuwa. Akaila sasa, akalamba vidole, na wakakubaliana msimu mzima. Dalali wa Soni alipofika siku mbili tatu baadaye alikuta matenga matupu, akakosa pa kuweka kidole gumba chake.

Efrazia alirudisha mapazia. Alikuwa na furaha mpaka anaimba kwa sauti ambayo kwaya ilikuwa imeshamwomba aihifadhi. Alikuwa bado juu ya stuli anapigilia pazia la mwisho, Mama Tobia akaingia, na nyuma yake Bi Mwanaisha na chupa yake ya mafuta.

Mama Tobia aliweka kitu mezani, kimefungwa kwenye khanga ya zamani. Efrazia alishuka akakifungua. Ilikuwa picha ile ya kwanza, mama mkwe wake na uso wa mchanga na mstari mweupe kuzunguka kilemba. Haikuwa na vumbi hata kidogo. Ilikuwa imetunzwa chini kabisa ya sanduku, pamoja na vitu vya thamani, miaka yote hiyo.

"Sikuitupa," alisema Mama Tobia. "Ni kazi ya mkono wako. Ila huyu mama simjui."

Kisha akaketi mbele ya pazia, akanyoosha mgongo. Bi Mwanaisha alimsogelea na mafuta yameshamiminwa kiganjani, na Mama Tobia akamzuia kwa mkono, taratibu, bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Efrazia.

"Nipige tena, mwanangu. Na uniachie unga wangu."

Efrazia aliikalisha kamera juu ya kifuko cha maharage, flashi akaizima. Bi Mwanaisha, ambaye hakupenda kitu kipotee, alijipaka yale mafuta mwenyewe.

Mbegu za viazi zilibaki chini ya kitanda mpaka mvua zilipoanza. Picha ilitundikwa sebuleni, mkabala na mlango, ambapo mgeni anaiona kabla hajapewa kiti. Msumari aliugongelea Mama Tobia mwenyewe, kwenye ukuta ule ule ambao siku zote Efrazia alidhani una unyevu.